Mchicha wa Uani kwa Mzee Faki

Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, joto la kunata, na mvua iliyokuwa ikitutisha siku nzima haijanya hata tone. Naandika kabla jua halijazama, kwa sababu najijua: nikingoja, nitapata kisingizio cha kutoandika.

Mliozoea kupita hapa bloguni mmezoea picha za miche na maneno yangu ya kujisifu. Leo hakuna picha.

Leo nimewalisha watu sumu.

Nianze mwanzo, nisije nikajipendelea. Mimi ni msaidizi wa shamba katika mradi wa kusafisha udongo hapa Chokocho. Nyuma ya gereji ya zamani, pale zilipokuwa zikivunjwa betri za magari, udongo umejaa madini ya risasi, na risasi haiozi wala haiondoki kwa mvua. Tumepanda pale haradali iliyobadilishwa vinasaba. Imetengenezwa maabara ili mizizi yake iinyonye risasi na kuipandisha majanini, kwa wingi ambao mmea wa kawaida ungenyauka. Kabla haijatoa maua tunaikata, tunaifunga kwenye magunia, na magunia yanaondolewa kisiwani. Kila mkato, udongo unapungukiwa na sumu kidogo.

Ikiwa changa, ukiitazama haraka, utasema mchicha wa majani mapana. Ndiyo maana pale pana uzio, kufuli na kibao chenye fuvu la kichwa. Kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna jani wala mche unaotoka nje ya uzio. Kanuni hiyo nimeihifadhi kama Fatiha, maana mimi ndiye niliyeiandika kwa Kiswahili.

Sasa lile ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Baba yangu, Mzee Faki, alikuwa fundi wa chubwi, zile risasi zinazofungwa chini ya nyavu ili zizame. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimwona anavunja betri kuukuu kwa shoka, anaziyeyusha sahani zake kwenye karai nyuma ya jiko letu, kisha anaimimina risasi kwenye kalibu za mchanga. Nyavu za hapa, za Wambaa na za Makoongwe zimezama kwa kazi ya mikono yake. Chubwi hizo ndizo zilizonisomesha kilimo hadi stashahada. Maji ya betri aliyamwaga papo hapo, chini ya migomba. Nani alijua?

Mradi ulipokuja, Daktari Neema, kiongozi wetu, aliita mkutano wa kijiji. Akaniuliza mbele ya watu, mimi mwenyeji, ni wapi pengine betri zilivunjwa. Nikasema ni pale gereji tu. Akauliza tena, "Peke yake?" Nikajibu peke yake. Baba alikuwa amekaa mkekani, safu ya pili, kanzu yake imepigwa pasi kwa ajili ya kuja kumsikiliza binti yake. Aliangalia vidole vyake.

Nilijiambia namsitiri mzee wangu. Uongo. Nilikuwa najisitiri mwenyewe, niliyevaa fulana ya mradi na kushika kipaza sauti, nisiambiwe kuwa nyumba yetu ndiyo chungu cha uchafu.

Lakini udongo ulikuwa hauniachi nilale vizuri. Basi mwezi uliopita nikafanya lile ambalo niliona ni akili kubwa. Tulipokuwa tunapunguza miche iliyosongamana, ile ya kuchomwa, nikachukua baadhi, nikaifunga kwenye kipande cha kanga kilicholowa, nikaitia mkobani. Nikaipanda nyuma ya jiko, penye karai la zamani. Nilipanga ikue, inyonye, niikate kimya kimya, niitie kwenye magunia ya mradi. Ua wetu utakuwa safi na hakuna atakayejua kuwa ulichafuka.

Nilijiona mjanja, wallahi.

Nilichosahau ni kitu ambacho hata mtoto wa hapa hawezi kukisahau. Kwetu mboga ya uani haina mwenyewe. Jirani akiwa na haja hupiga hodi, akajibiwa au asijibiwe, akachuma. Kisha akipika hutoa bakuli moja, akalipeleka pale alipochuma. Na bakuli la watu halirudi tupu. Utalirudisha na ndizi mbili, na chumvi, na chochote, ila tupu halirudi. Nimekulia ndani ya mabakuli hayo.

Leo adhuhuri nimerudi kutoka shambani, nikamkuta Baba mkekani na wali wake, na pembeni bakuli la buluu la Bi Time, jirani yetu wa nyumba ya pili. Ndani mna mchicha wa nazi. Nikavua viatu. Nikasogea. Nikayaona majani.

Nilimuuliza Baba ameyapata wapi. Akanijibu kwa furaha, mdomo bado una tonge:

"Bi Time huyo. Kachuma asubuhi hapo nyuma. Asema nkaza mwana wake ana hamu ya nchicha."

Nkaza mwana wake, yaani mke wa mwanawe, ni Raya. Raya ana mimba ya miezi saba.

Nikaliondoa bakuli mbele ya Baba. Nikamwambia mchicha una mchanga. Nikaenda kuumwaga shimoni na kuufukia hata kuku wasiufikie. Ona nilivyo hodari: kuku niliwafikiria. Kisha nikarudi, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikatulia tuli.

Haya ndiyo yanayoniunguza. Si miche, si mkutano. Ni kule kukaa. Kati ya nyumba yetu na ya Bi Time pana hatua ishirini, nami nilikaa kwa muda wa kupika wali ukaiva, nikitafuta namna ya kumwambia asile bila ya kumwambia kwa nini. Nikisema kweli, nitakuwa nimesema nimeiba miche. Nitakuwa nimesema nilidanganya kijiji. Nitakuwa nimemtaja Baba. Wakati mimi nachagua maneno, mtu mwenye mimba alikuwa anachagua matonge.

Nilipoinuka tayari nilikuwa na uongo mpya mdomoni.

Bi Time nilimkuta barazani, magoti yake yamenyooshwa kwenye jamvi, maana yanamsumbua na ndiyo sababu hajafika hata siku moja kwenye uzio wetu kuona haradali ilivyo. Raya alikuwa kando yake, anakomba tui la mwisho sahanini kwa kidole. Nikawaambia wasile tena, ule mchicha nimeupiga dawa ya wadudu.

Bi Time akacheka. "Ndo uhangaike hivyo? Tumeukosha maji matatu, tukauchemsha. Dawa yatoka, mwanangu. Kaa."

Uongo wangu haukufaa hata kwa kazi niliyoutengenezea. Dawa huoshwa. Risasi iliyo ndani ya jani haioshwi wala haichemki ikatoka. Hapo tena sikuwa na njia ila ile moja.

Nikasema yote. Nilianza na miche, nikarudi kwenye mkutano, nikafika kwenye karai la Baba. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, mimi ninayesifiwa kwa kueleza. Raya akakiweka kile kidole chake kwenye kanga, akakifuta, akakifuta tena. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Yafika kwa ntoto?"

Nilijua jibu. Nililifundisha mwenyewe, kwa picha ukutani.

"Hufika," nikamwambia.

Hakulia. Aliweka mkono tumboni na kutazama upande wa pili. Natamani angelia, ningepata la kufanya.

Nikampigia simu Daktari Neema hapo hapo, mbele yao, nisije nikapata nafasi ya kupamba. Akauliza yanayopasa kuulizwa: miche mingapi, imekaa muda gani, nani kala, kala kiasi gani. Akasema mlo mmoja si lazima ulete madhara, lakini mja mzito habahatishwi. Kesho asubuhi gari litamchukua Raya hadi Mkoani apimwe damu, na Bi Time, na Baba. Na mimi, akaongeza, maana nimekulia juu ya udongo huo. Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa nimeshughulika sana na sura yangu, nikaisahau damu yangu.

Alifika mwenyewe baada ya alasiri. Hakunigombeza. Alivaa glavu, akang'oa haradali moja moja, hadi mzizi mdogo, akaitia guniani. Akachota udongo wa penye karai. Kisha akaniuliza kwa nini sikuwaonesha hapa tangu mwanzo. Nikafungua mdomo, na Baba akajibu kutoka mlangoni.

"Kanionea haya mie, Daktari."

Akaja taratibu na fimbo yake hadi chini ya migomba. Akaonesha pa karai, pa shoka, pa kumwagia maji ya betri, na pengine pawili ambapo mimi sikupajua. Alionesha vizuri, kama mtu anayemwonesha mgeni shamba lake. Alipomaliza akanigeukia.

"Mwanangu, moshi wangu ukionekana hata Makoongwe. Betri nikiletewa na watu hawa hawa. Mume wa Bi Time kaleta ngapi? Weye wanfichia nani?"

Hakuna aliyekuwa hajui. Hilo ndilo lililonimaliza. Kijiji kizima kilikaa mkutanoni, kikanisikia nikisema "peke yake", kikanyamaza kwa kunistahi. Wasichokijua ni kile nilichokijua mimi peke yangu, kwamba betri zile zinaacha sumu mahali popote zilipovunjwa, na kwamba mboga iliyoota uani kwetu si mboga. Walichokijua nimewaficha, na wasichokijua nimewaficha pia. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na bakuli la mchicha.

Kazi yangu, Daktari Neema amesema tutaizungumza baadaye. Sina la kujitetea. Ila nimemwomba kitu kimoja: mkutano wa kijiji uitwe tena, na niachiwe niseme mimi, hata kama ni siku yangu ya mwisho ya kuvaa fulana ile. Watu wajue kuwa mmea una faida na unafanya kazi yake kama ulivyotengenezwa. Ulifanya hata uani kwetu. Aliyeharibu ni mimi. Nisipolisema hilo, wataichukia haradali na udongo utabaki na risasi yake, na watoto watatambaa juu yake.

Baada ya gari la Daktari kuondoka nilikwenda tena kwa Bi Time. Nilitaka radhi. Raya alikuwa ndani, mlango umerudishwa. Bi Time alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, hakuniita mwanangu. Huyu ndiye aliyeniosha nilipozaliwa, na aliyemwosha mama yangu alipofariki.

Akasema, "Bakuli langu lipo kwenu."

Nikasema ndiyo, nitalileta, na nikaanza kufikiri haraka haraka nilitie nini: mayai, au ile tende, au niende dukani.

"Usilitie kitu," akasema. "Cha kwenu mie sili tena. Nirejeshee tupu."

Sasa lipo hapa mbele yangu, karibu na kompyuta, la buluu, limemeguka kidogo ukingoni. Nimelisugua kwa jivu, nikalisugua kwa sabuni, nikalisuuza maji matatu. Baba amepita akaliona, akasimama, akaenda zake kutia udhu.

Toka nizaliwe sijawahi kubeba bakuli tupu la watu. Kesho asubuhi, kabla gari halijafika kumchukua Raya, nitatoka nalo mlangoni, nipite hatua zile ishirini, na kila aliye barazani ataona kuwa ndani hamna kitu.