Nta ya Mizinga Iliyokufa

Jumamosi, Kibwezi

...na mpaka sasa Mwende anacheka huko jikoni. Acha acheke, dada ni dada.

Mizinga ya marehemu babu niliichoma ndani kwa moto wa nyasi hadi ikawa nyeusi, kwa sababu nyuki wake wa mwisho walimalizwa na ule ugonjwa unaoozesha majana, watoto wa nyuki wakiwa bado kwenye masega. Hata jirani yetu Mzee Kyalo, ambaye hasifu mtu, alisema, "Kijana, hapo umechoma." Nikamwambia darasa la nane linatosha, wenye digrii waje niwafunze.

Halafu nikapaka nta kwenye mlango wa kila mzinga, vile kila mtu huku hufanya ili nyuki wavutwe na harufu.

"Nta umetoa wapi?" Mwende akauliza.

"Kwa masega ya babu. Ninunue na ninayo?"

"Masega ya hii hii mizinga iliyooza?"

Nikanusa nta iliyobaki kidoleni.

"Wewe umeoga vizuri, ukarudia soksi za jana," Mwende akasema.

Na nyuki wapelelezi walikuwa wameshaanza kunusa mlango. Wale wale nimekuwa nikiwaombea waje! Nikawafukuza kwa moshi, nikakwangua nta, nikachoma mizinga upya.

"Sasa unafukuza wageni?" Mzee Kyalo akauliza kutoka uani kwake.

"Nawachagua, mzee."

Ukweli, naogopa. Nta safi bado sijapata, na ile ya ugonjwa ikiwa imebaki hata kidogo mlangoni, kundi likiingia nitaliua mwenyewe. Nimeziba milango yote kwa matambara. Nafikiri ni mimi pekee Kibwezi nzima, mfuga nyuki anayelala akiomba nyuki wasije.