Ubeti Wenye Jina la Mama

Itetemia, Tabora
Machi 1969

Mdogo wangu Humaidi,

Mvua zimenyesha, karanga zimeota. Shikamoo yako Mama ameipokea.

Ijumaa tulikusikia ukighani redioni. Mama, ambaye haoni tena, aliikumbatia redio, midomo yake ikiufuata utenzi wake wa wapagazi neno kwa neno. Alikuwa akiungoja ubeti wa mwisho, ambamo mtunzi hujitaja jina. Ukauruka! Mtangazaji akaanza, "Mtunzi wa utenzi huu ni..." nikaizima redio, maana gazetini nilishaliona jina lako chini ya utenzi huo.

Huna haya! Beti zote umezibeba, ule wenye jina la Mama, Khole, ukautupa. Mama aliutunga akitwanga, na wewe ukiwa mgongoni. Usiniletee habari za kujenga taifa. Taifa gani linajengwa kwa kumwibia mama mzazi?

Mama akaniuliza, "Tufaha, mbona imekatika kabla sijatajwa? Betri zimekwisha?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama."

Leo ameuza jogoo wake, amenituma betri mpya. Ijumaa utakapoghani tena atasikiliza, na safari hii siizimi.

Dada yako,
Tufaha