Nani Aliyasikia Maneno ya Baba?

Kambi ya mkonge, Muheza

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila miiba ya mkonge imenichoma mikono mpaka kushika kalamu ni kazi. Nataka kujua hali yako, na ule mguu uliokuwa unavimba, na hali ya mama. Mvua imenyesha huko Chiwata? Muhogo umeshika? Huku chakula kipo, lakini ugali wao wa sembe haunishibishi hata kidogo.

Sasa nije kwenye lile uliloniagiza. Siku naondoka ulinishika bega ukasema, "Hilari, unakwenda kambi ileile aliyofia baba yako. Kaniulizie nani aliyasikia kwa masikio yake yale maneno anayoyataja mama yako kila siku. Ukimpata mmoja tu, dada yako Agnesi atarudi shule. Usipompata, posa ya watu wa Makote naipokea." Maneno yenyewe Chiwata nzima inayajua, hata padre aliyatia kwenye mahubiri: "Binti yangu asiolewe kabla hajamaliza kusoma." Mimi niliyaamini kabisa. Lakini nawe ulikuwa na hoja, maana baba hakukaa darasani hata siku moja. Aliyatoa wapi?

Basi Jumapili nikaanza kuuliza. Lo! Mpishi wa kambi akaniapia kuwa baba aliomba ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, akafa. Mkata mkonge mmoja wa Newala akadakia, "Nani kakudanganya? Alisema asizikwe karibu na mkonge." Wenzake wakamcheka palepale, kumbe wakati ule yeye mwenyewe alikuwa amelazwa Tanga. Aliyenishangaza zaidi ni Mmwera mmoja ambaye kaka yake naye alifia hapahapa. Kwao walipelekewa maneno hayohayo ya baba, bila kupungua hata moja! Nikamuuliza nani aliwapelekea. Akasema, Che Saidi.

Che Saidi unamkumbuka, yule Myao aliyetuletea sanduku na blanketi la baba. Nikamkuta nje ya chumba chake anashona kiatu. Hakunificha.

"Mwanangu, baba yako hakusema kitu. Homa ilimfunga ulimi. Lakini vitu vya marehemu hatuvipeleki kwao bila neno. Mkewe lazima aulize, alisema nini? Sasa umjibu kwamba hakusema?"

Njiani alikuwa ametunga kwamba baba aliwaaga nyote kwa upendo. Alipoingia uani akamkuta Agnesi amechuchumaa, anaandika herufi kwa mkaa kwenye ungo, na mama anamgombeza kwa kuuchafua, hajui bado kama ana msiba.

"Nikasema yaliyonijia," aliniambia. "Nilipoona yamempa mama yako nguvu, nikayapeleka na kwingine."

Mjomba, nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikalia mbele za watu. Miaka yote hii nikiyakumbuka maneno yale nilikuwa nasikia sauti ya baba, tena kwa lafudhi yake ya Kimakonde. Kumbe ni Che Saidi!

Basi jibu lako ndilo hilo, hakuna aliyesikia. Ningeweza kukudanganya, nani angefika huku kuhakikisha? Lakini siku ungeligundua, ungemtoa Agnesi shuleni katikati ya masomo, nami nisingekuwa na la kusema. Mama usimwambie, tafadhali sana. Nitamweleza mwenyewe nikirudi, nimekaa naye karibu.

Ila posa usiipokee bado. Ulitaka maneno ambayo mwenyewe anajulikana, basi haya hapa: Agnesi asiolewe kabla hajamaliza kusoma. Nimeyasema mimi, mpwa wako, leo hii, nikiwa na akili zangu timamu, na Che Saidi na yule Mmwera wamenisikia. Ada ni juu yangu. Ukiyatilia shaka niandikie, nitayarudia.

Nisalimie mkeo, na mama mkubwa mfinyanzi, na babu anayepiga kengele ya kanisa, kama bado hawajamnyang'anya kamba. Mama mwambie nakula vizuri. Na Agnesi mwambie afungashe vitu vyake vya shule.

Ni mimi mpwa wako, niliye hai na ninayesema,

Hilari