Herufi ya Chaki

Barabara ya Kumi na Tatu,
Ngamiani, Tanga.
Jumatatu.

Dada Saleha,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza kukusumbua. Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mvua imetushika wiki nzima na uani kote matope. Mke wangu Tausi anakusalimu, anasema ile samli yako bado tunailamba. Usishangae kupata barua na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatia kabla sijafika mwisho.

Nakuandikia habari ya mumeo. Najua tangu shemeji Ayubu arudi huko Pangani anashinda barazani, na najua unavyomsema, maana ulinisimulia mwenyewe: eti umeolewa na fundi wa kuvunja watu mikono. Mimi nikaitikia tu, ndiyo dada. Basi leo nisikilize.

Unakumbuka nilivyoingia ule ushirika wa mafundi baiskeli. Mwenyekiti, mzee Shehe, alitaka mtu anayejua kuandika amsaidie kuongoza, malipo hakuna. Nikajitolea. Ayubu, fundi wa palepale, ndiye aliyenifundisha kuziba pancha na kunyoosha rimu, mpaka watu wakaniita fundi. Nilipenda kuitwa hivyo, sikufichi.

Pale kuna sharti moja. Baiskeli ikishatengenezwa, fundi anaipanda kwanza, anazunguka mtaa, akirudi anaandika herufi ya jina lake kwa chaki chini ya siti. Bila herufi haitoki.

Siku ile Ayubu alikuwa anabadilisha breki za baiskeli ya Praxeda, yule mama anayepeleka mikate nyumba kwa nyumba. Adhana ya alasiri ikamkuta hajamaliza. Akiondoka kwenda msikitini akaniambia nati amezifunga kwa mkono tu, nizikaze kwa spana, halafu niizungushe. Hajafika mbali, Praxeda akaingia na haraka zake, akaanza kunitania mbele za watu kwamba bwana mkubwa huyu kashika kalamu mpaka kasahau spana inashikwaje. Watu wakacheka. Nikaikokota baiskeli nikatoka nayo, nikarudi, nikampa.

Kesho yake bajaji ikamkatia mbele njia panda. Akabana breki, breki hazikushika. Kifundo cha mkono kimevunjika na kimeunga upande. Unga haukandi tena, mikate sasa anakanda mtu mwingine.

Kwenye kikao wakaangalia chini ya siti, wakakuta A. Ayubu akasema hakuipanda, aliniachia mimi. Lucas, fundi mwenzetu, akamrukia: sasa hiyo A ya nani, ya bibi yako? Nikaulizwa. Nikasema shemeji aliniambia iko tayari. Ayubu akanitazama, akaweka spana zake chini. Wakamtoa siku ileile.

Dada, ile A niliichora mimi.

Na kubwa zaidi ni hili: sijui kuendesha baiskeli. Tangu ile siku wewe ulipoipanda ya marehemu baba na mimi nikabaki nalia nyuma, sijawahi kujua. Nilipokwambia nimejifunzia Muheza kwa baba mdogo, nilikudanganya. Zile pancha zangu za kila siku, mpaka ukawa unanicheka, hazikuwa pancha, nilikuwa nakokota tu. Pale ushirika, miaka miwili, kila baiskeli niliikokota mpaka nyuma ya mashine ya kusaga, nikaegemea ukuta mpaka muda wa kuzunguka upite, nikarudi nikaandika H. Siku ile, nikiwa palepale ukutani, nikakumbuka nati sikuzikaza. Spana ilikuwa ndani na Praxeda ananingoja na utani wake. Nikaandika A.

Jana nimewaambia wanachama wote. Praxeda, aliyeitwa naye, akasema, panda nikuone. Nikapanda, nikaangukia mtaroni. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Mzee Shehe kanitoa, na mbele yetu akampigia Ayubu simu arudi, spana zake zinamngoja. Ayubu akamjibu kwamba kama hata mkewe hampi baiskeli aikaze, mtu wa Tanga atampaje.

Nikwambie na hili nililolificha hata jana. Siku anarudi huko nilimsindikiza stendi. Akaniambia, shemeji, ule ukuta wa mashine usiuegemee tena, chokaa inakushika mgongoni, watu watajua. Akanifuta shati kwa mkono wake, akapanda basi. Kumbe alijua miaka yote miwili. Kwenye kikao angesema neno moja tu. Hakutaka ndugu wa mkewe aaibike, na wewe ukamlipa matusi kwa uongo wangu mimi.

Sikuombi unisamehe leo. Msomee barua hii, msomee barazani hapohapo, majirani wasikie. Halafu mtolee baiskeli yako. Akishaikaza, usimwambie aizungushe. Ipande wewe.

Wasalimie watoto na wote wanaoniulizia, kama bado wapo.

Mdogo wako,
Hatibu