Fifi Chini ya Gunia

Puge, 14 Julai 1975

Kaka Hilari,

Nitakueleza yote, hata lile alilonikataza mama. Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Ng'ombe wa babu amezaa. Jana tulipeleka pamba kituoni kuuza. Unajua mama hutandika mikeka miwili: pamba safi huku, fifi yenye madoa na majani kule. Karani alizamisha mkono hadi chini ya gunia ulilojaza wewe ukiwa likizo, akatoa fifi, akaiinua watu waone.

“Mama Hilari, hii ndiyo safi yako?”

“Juu harusi, chini matanga!” akadakia jirani yetu Mwamvita, na foleni nzima ikacheka.

Mama aliinama akaanza kuichambua fifi ile. Katibu wa kijiji amemwita mhujumu. Jumamosi ya wiki ijayo mkutano utamvua usimamizi wa kuchambua pamba ya shamba la ujamaa, kazi anayoipenda kuliko zote.

Wewe ulitaka kuwahi basi la Mwanza, ukachanganya fifi na safi. Mimi nilikushikia mdomo wa gunia nikanyamaza, ndiyo maana nakuchukia na kujichukia. Mama anasema nisikutaje wala nisikuandikie haya, usije ukafukuzwa kazi huko kiwanda cha nguo. Wewe unayejisifu huko kwamba unatambua uzi mbovu kwa kuugusa tu!

Hata hivyo naamini bado una haya. Nijibu kwa basi litakalorudi: utakuja mkutanoni useme mwenyewe, au nisimame niseme mimi?

Mdogo wako,
Apolinaria