Mikono Anayoisifu Mume Wangu

Na kuhusu ile feni ya laptopu uliyoniuliza kwenye simu, dada, hailii tena. Imenyamaza kabisa. Nitakueleza imenyamazaje, ila naona nimekimbilia mambo kabla ya kukuamkia, na wewe hukunilea hivyo.

Pokea heshima zangu, dada yangu mpenzi. Mgongo unaendeleaje? Bado unainama kutwa nzima juu ya ile meza yako fupi ya dukani, au umeshatafuta kiti nilichokusihi? Shemeji hajambo? Na yule mdogo, jino la pili limetoka au bado anawang'ata watu kwa fizi? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka. Ni uchovu wa kutoka shingoni hadi kwenye kucha, na ukiona mwandiko unapinda ujue ni vidole vyenyewe.

Ndoa ni tamu, dada. Najua unacheka. Ulisema baada ya miezi mitatu nitaacha kumtaja mume wangu kila sentensi ya pili. Basi huu ni mwezi wa pili, kwa hiyo nivumilie. Asubuhi akitoka kwenda karakana anarudi mara mbili: mara ya kwanza amesahau funguo, mara ya pili hajasahau kitu, anasimama tu mlangoni anacheka. Akikunja nguo anaanza na zangu. Akilala mdomo wazi namtazama nasema, haya, huyu mtu mzima ni wangu, nimepewa. Ndiyo maana yaliyotokea yameniuma hivi.

Ile laptopu yake ya gemu unaijua, ile nene yenye vitufe vinavyowaka rangi zote kama duka la taa. Aliinunua kwa ajili ya michezo kabla hatujajuana, lakini siku hizi ndiyo anayochorea makabati ya jikoni pale karakana. Ilikuwa imeanza kuchemka. Ungeweza kunyooshea kola juu yake. Feni ililia kama mashine ya kusaga, halafu katikati ya mchoro inajizima, pu, kazi ya saa nzima imekwenda. Bosi wake, seremala mkuu, alimwambia mchoro wa jiko la mteja wao mkubwa usipokuwa mezani Jumatatu, kazi ya kuchora atampa mtu anayetumia penseli, maana penseli haichemki. Mume wangu alinisimulia hayo huku anacheka, lakini chakula alikiacha nusu. Kisha akasema yeye hana wasiwasi, ana fundi wake nyumbani.

Fundi. Ndivyo anavyoniita, dada, na jengo zima limefuata. Mshonaji wa ghorofa ya chini ameniletea pasi. Mama wa mlango wa pili aliniletea redio, nikaiweka chini ya kitanda wiki nzima, kisha nikamrudishia nikisema spea zake haziagizwi tena. Kila mlango ukigongwa moyo unaniruka. Hakuna kazi inayochosha kama kuheshimiwa kwa kitu usichonacho, lakini hilo nitalifikia chini.

Jumamosi asubuhi, yeye akiwa kazini, nilitandika kitambaa mezani nikaifungua. Usidhani niliruka tu. Nilikumbuka yote niliyokuona ukifanya unapofungua simu za watu dukani kwako. Nilichora umbo la laptopu kwenye karatasi, kila skrubu niliyoitoa nikaiweka juu ya mchoro mahali pake, zote kumi na moja. Nikachomoa betri kwanza. Nikalegeza kile kipoza joto chenye mabomba ya shaba kidogo kidogo, kona hii kisha kona ya mkabala, mpaka kikaachia. Chini yake ile dawa ya kupitishia joto ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Dada, nilifurahi! Niliuona ugonjwa kwa macho yangu, kama daktari. Nikakwangua taratibu, kisha spiriti ya kusafishia ikaniishia, nikafunga mlango nikaenda duka la dawa.

Kumbe siku hiyo aliruhusiwa mapema. Niliporudi nilimkuta jikoni amejifunga kanga yangu kiunoni, anapika, anaimba vibaya. Na meza, dada, meza ilikuwa inang'aa. Alikuwa ameipanguza yote, ameweka chupa yenye maua mawili katikati, laptopu ameihamishia kwenye kiti kwa uangalifu kama mtoto mchanga. Skrubu zangu zote alikuwa amezimimina kwenye kikombe kimoja. Karatasi yenye mchoro ameitumia kuwashia jiko. Aliniambia hataki mke wake ale kwenye fujo, tena siku anayomfanyia kazi.

Wewe ungefanyaje? Najua ungefanyaje, ungemfukuza jikoni kwa mwiko. Mimi nilimbusu. Nikamwambia amefanya vizuri sana.

Baada ya kula alikaa kando yangu kunitazama. Nilisafisha, nikaweka dawa mpya kadiri ya punje ya choroko, nikakaza kipoza joto, hapo sikukosea. Tatizo likawa kifuniko cha chini. Skrubu nyingine ndefu, nyingine fupi, na sikukumbuka zipi ni za mbele. Dada, simu ilikuwa mfukoni. Ningekupigia tu, nikuulize, ungenijibu hata huku unatafuna. Lakini yeye alikuwa ameegemeza kidevu begani kwangu, ananiambia jinsi anavyojivunia mikono hii, na fundi haulizi mbele ya mteja. Nikajiambia skrubu ni skrubu. Ya mwisho upande wa mbele ilikuwa ngumu kuingia. Nikaisukuma. Ikalia kama ukucha unaovunjika.

Ilipowashwa haikuwaka. Hata taa moja.

Nilifungua na kufunga hadi jua likazama. Nilikwisha kuona kosa lilipo: ile skrubu ilikuwa ndefu, imepenya hadi kwenye bodi na kukata vile vijistari vyembamba vya shaba. Nilikiona kidonda kwa macho yangu, na nilipoulizwa nikasema mashine imezeeka. Alinifariji, dada. Alinikanda shingo.

Jumapili nilitoa diski yenye michoro yake, akaenda nayo karakana, akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi na mchoro akaumaliza. Jumatatu ulikuwa mezani. Kazi yake imepona, mshukuru Mungu pamoja nami. Ningeweza kuishia hapo, jambo likafa. Lakini aliporudi mchana ule alinisimulia, kwa furaha kabisa, kwamba bosi alimtania akisema huyo fundi wako wa nyumbani ameiua. Naye akamjibu mbele ya wote kwamba mke wake ametengeneza simu za watu kabla hata hajaolewa, na kama yeye amesema mashine imezeeka, basi imezeeka, na asiyeamini alete yake.

Hapo, dada, nilikaa chini sakafuni.

Sasa nikuungamie na wewe, kwa sababu kosa langu lilianzia dukani kwako. Unamkumbuka yule kijana aliyeleta simu isiyoshika chaji, siku ulipoitengeneza kisha ukatoka kununua risasi ya kuunganishia nyaya? Nilimkabidhi mimi. Akaniuliza kama mikono hii midogo ndiyo iliyoitengeneza. Sikusema ndiyo. Nilitabasamu, na tabasamu likajibu. Baada ya hapo akawa analeta spika, tochi, saa ya ukutani, nawe ukawa unashangaa mteja gani vitu vyake vinakufa kwa zamu. Ulivitengeneza wewe, nikavitoa mimi. Kijana huyo ndiye mume wangu, na yeye alijua wewe ni mwenye duka, mimi ndiye mikono. Siku ya harusi alipokushukuru kwa kumwachia fundi wako, ulicheka ukidhani anatania. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilikula sifa zako, dada, na nimeolewa nazo. Nisamehe.

Nilimwambia yote, kuanzia simu hadi skrubu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliuliza kwa nini sikumwambia hata alipomimina skrubu kikombeni. Nikasema niliogopa kumharibia furaha. Akasema basi tumekuwa tukiishi kama wageni wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia. Nikalia. Akasema yeye alinipenda kwa nilivyokuwa nikicheka pale kaunta, mambo ya simu yalikuwa kisingizio cha kurudi, lakini sasa hajui nikimsifia chakula chake aamini au asiamini. Nikamwambia ukweli: wali wake wa Jumamosi ulikuwa mbichi katikati. Alinitazama, dada, akataka kucheka, akakataa.

Tangu juzi ni mpole lakini haimbi. Asubuhi anatoka mara moja tu. Jana ndiye aliyesema tukuletee laptopu, maana fundi wa kweli yupo na anajulikana alipo. Mkato wa bodi si mpana, nadhani ukiwa na kioo chako cha kukuza utaunganisha kwa waya mwembamba. Ila mimi sitaigusa.

Wasalimie shemeji na wanao, na mwambie mshonaji jirani yako kwamba nguo ya harusi aliyonishonea imesifiwa na kila mtu. Tutakuja kwa basi la asubuhi, mimi na yeye, kabla mwezi huu haujaisha. Akikuuliza lolote, usinitetee, dada. Mjibu kama lilivyo, nami nitakuwa nimekaa hapo hapo nasikiliza.

Ni mimi mdogo wako, uliyembeba mgongoni,
Kadogo