Mchanga wa Furu wa Bi Salha

Temeke, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naiandika tena, shikamoo, maana moja haiwezi kufika Ukerewe peke yake. Mgongo unaendeleaje? Bado unakwenda shamba alfajiri na baridi ile hata baada ya kukatazwa? Na wewe Deusi unayemsomea mama barua hii, usijibu kwa niaba yake, mwache aseme mwenyewe. Tena usiruke maneno kama ulivyofanya mara ile, ukafika kwenye salamu za mwisho kabla chai haijapoa.

Sisi hatujambo. Bonifasi anaendelea na ukarani wake wa reli, shati jeupe asubuhi, shati la vumbi jioni. Habari mbaya niitoe mapema nipumue: likizo yake imesogezwa hadi mwakani, kwa hiyo mavuno haya hatutakuja. Najua kuku ulishawatenga. Nimelia, nimenyamaza, sasa nakuandikia.

Nilikwisha kukuambia tunapanga chumba kwa Bi Salha, mjane wa Mzee Humudi, watu wenye asili ya Uarabuni waliokuwa na duka Mwanza miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Ambalo sikukuambia ni kwamba ukumbini mwao kuna sanduku kubwa la kioo lenye furu. Ndiyo mama, furu, samaki wadogo hawahawa wa kwetu tuliokuwa tukiwavua kwa kitambaa pale ufukweni na kurudi nyumbani tumelowa hadi nywele. Mzee Humudi alikuja nao kwa treni ndani ya debe, akilikumbatia njia nzima, na walioko sasa ni wajukuu wa wale. Siku niliyokuja kuulizia chumba nilimwona dume mmoja wa buluu, pezi lake la chini lina madoa ya njano kama ya wale wa kwetu, nikasahau kabisa kilichonileta.

Mzee huyo alifariki, Mungu amrehemu, na Bi Salha akakaa eda. Muda wote huo hakuna aliyethubutu kugusa sanduku. Yeye alikuwa akikaa mbele yake na tasbihi yake, akiwatupia chakula kuliko wanavyoweza kula. Mchanga wa chini ukawa mweusi tititi. Ukiutikisa kidogo unatoa mapovu na harufu ya yai viza, na harufu hiyo ikawa inakupokea tangu barazani.

Eda ilipokaribia kwisha ikapangwa khitma, na ndugu watakuja kutoka Tanga na Bagamoyo. Hapo akaingia Bi Zena, wifi yake Bi Salha, mwanamke mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Alipaka kuta chokaa, akafua mapazia, akaanika magodoro, kisha akasimama mbele ya sanduku akiwa ameziba pua.

"Nyumba inatoka eda huku inanuka bwawa? Mwageni vyote! Hao samaki wapeni paka, na sanduku litiwe maua."

Bi Salha alinyanyuka. Aliniita uani, akanishika mkono.

"Tekla, mwanangu, weye mtu wa ziwani. Nguo zake nimegawa, kofia zake nimegawa. Kilichobaki humu ndani kinachopumua ndo hawa. Nibadilishie huo mchanga, lakini wasinifie."

Nikasema ndiyo bi mkubwa, kabla hata sijafikiri. Mtu wa ziwani! Mimi ambaye furu nimewajua zaidi wakiwa kwenye kikaango.

Nilichokuwa nacho ni wewe tu, mama. Nikiwa napepeta mchele nilikuona vile ulivyokuwa ukisafisha kisima kile cha chini ya mwamba kabla ya masika. Wake wapya wa kijijini walikuwa wanataka kuzoa tope lote kwa siku moja ili waimbe na kurudi nyumbani. Wewe unalaza fimbo katikati, unasafisha upande mmoja, halafu unawafukuza wote hadi maji yatulie na vyura warudi. Mimi nilikuwa nikikaa juu ya mwamba nikitafuna karanga na kukuona mkaidi. Mwaka ule walipokuzunguka wakazoa lote, maji yalikaa machungu hadi mvua ya kwanza, nawe ulikwenda tu kuchota mbali. Nilikumbuka hata rangi ya kanga uliyojifunga.

Basi nikaamua nusu kwa nusu. Ila kulikuwa na jambo jingine. Kati ya furu wale kuna jike mmoja wa rangi ya majivu, marehemu alimwita Bibie. Nilipomtazama vizuri niliona koo limejaa, mdomo umefumbwa, na chakula kikishuka mbele yake hakigusi. Si unakumbuka ulivyokuwa ukituambia tukimpata wa namna hiyo tumrudishe majini haraka? Bibie alikuwa na wana mdomoni. Tukimshtua sana atawatema, au atawameza.

Nilipomwambia Bi Salha alikaa chini palepale sakafuni. "Basi huyo asiguswe," akasema. "Chochote mtakachofanya, huyo asiguswe."

Mchanga nilitaka wa mto, si wa pwani, maana wa pwani una chumvi na maganda ya kombe. Bonifasi akauleta kwa baiskeli kutoka Mto Kizinga, gunia limefungwa nyuma. Hakuingia ukumbini, kwa kuwa mwenye eda haonani na wanaume wa kando. Alikohoa mlangoni, akalitua uani, akaondoka. Nami nikaenda sokoni. Kurudi, namkuta Bi Zena ameutandaza mchanga wote juu ya mkeka, unameremeta, una rangirangi ya anga.

"Njoo uone kazi!" ananiambia. "Nimeusugua kwa sabuni, nikausuuza kwa bluu. Kanzu ya Idi haioni ndani!"

Mama, sikujua nicheke au nilie. Bluu ya nguo! Tungewatia humo furu, wote wangeelea kabla ya adhuhuri. Nikamshukuru, maana mkono wake ulikuwa umechubuka kwa kusugua, na mchanga ule tukaumwaga mlangoni wageni wakaukanyage. Bonifasi alirudi Kizinga akinung'unika kama mnyororo mkavu wa baiskeli yake. Safari hii niliuosha mwenyewe kwa maji matupu, kama mchele, hadi maji yakatoka meupe.

Siku ya kazi tulivuta maji kwa kipande cha mpira cha marehemu, tukayaweka kwenye madebe masafi, hatukumwaga, kwa kuwa ndiyo maji waliyoyazoea. Furu wengine tukawahamishia kwenye karai lenye maji hayohayo, tukalifunika ungo wasiruke. Katikati ya sanduku tukasimamisha kioo. Bibie akabaki kushoto na weusi wake, mimi nikaingiza upawa kulia na kuuzoa mchanga taratibu, kidogo kidogo, bila kuutibua. Harufu usiniulize. Halafu nikatandaza mpya ukiwa umelowa, nikaweka kisahani juu yake, na Bi Salha akamimina yale maji ya zamani juu ya kisahani ili yasichimbe.

Kioo hakikuziba sawasawa. Tope likapenya upande wa Bibie. Akapanda juu, mashavu yakimcheza, na mbele ya macho yetu mdomo ukafunguka. Kitu kidogo chenye macho mawili kikadondoka. Bi Salha akaanza kusoma dua kwa sauti, nami mkono ulikuwa umeshaikamata rozari mfukoni, bado una tope. Bibie akageuka, akashuka, akakiokota kile kitoto, akafumba. Tulimtazama hadi chai ya jikoni ikaungua.

Hakufa hata mmoja, mama. Maji yalitulia, kioo cha katikati tukakitoa, wengine tukawarudisha, na upande wa kulia ukang'aa. Lakini weupe ule uliufanya upande wa kushoto uonekane mweusi maradufu, na khitma ilikuwa imefika mlangoni. Bi Zena akaja juu.

"Malizieni na huu! Watu wanatoka Tanga kuja kutazama sanduku lenye ukoma?"

"Bibie bado hajawatoa wanawe," nikasema. "Tukiutibua upande wake sasa, tutawapoteza."

Sote tukamtazama mwenye nyumba. Bi Salha alikuwa amekwisha oga maji ya kutoka eda, amevaa nguo mpya, na zilikuwa kubwa kwake. Aliligeukia sanduku.

"Uacheni," akasema. "Hata mie eda imeniisha upande mmoja tu."

Bi Zena alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaenda zake jikoni.

Siku ya khitma, wanawake walipokuwa wakipakua pilau, shangazi mmoja wa Bagamoyo alipiga ukelele. Bibie alikuwa amewatoa. Walikuwa kama punje za ulezi, wameenea juu ya mchanga mweupe, wanaonekana mmoja mmoja. Shangazi akainama aone vizuri, kivuli chake kikaangukia kioo, na wote wakamkimbilia mama yao wakaingia mdomoni, fyu! Bi Salha alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba, hata sikujua kama ana mwanya.

Mimi nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Nilitamani na mimi nitishike kidogo, halafu nijue pa kukimbilia.

Sasa wamekua. Wakishtuka bado wanamfuata, wanakuta amefumba, basi wanajibanza ubavuni mwake hadi woga upite. Nawatazama kila jioni nikimsubiri Bonifasi.

Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie ugoro wake nautafuta. Msalimie dada Agnesi na shemeji, na yule mama jirani aliyenifundisha kusuka vikapu, na katekista wetu mkali. Bonifasi anakuamkia sana. Bi Salha pia amesema nikuandikie salamu zake, ingawa hamjaonana.

Upande wa kushoto hatujaugusa bado. Nilitaka kumtuma tena Bonifasi Kizinga, Bi Salha akanikataza. "Huo mwandikie mama yako autume," akasema. Baba mdogo Pastori akija huku kwa treni, mpe mchanga kidogo wa pale tulipokuwa tukiogea, wa kujaza mfuko wa unga tu. Usiuoshe, mama. Nitauosha mwenyewe, maji ya kwanza niyanuse.

Ni mimi mwanao,
Tekla